Bwana Lemburis na Sinema ya Wanaume Wanaokamua

Tarehe 30 Juni 1956, Bwana Lemburis Saning'o anakabidhi funguo za stoo ya chuo chetu cha ualimu baada ya kuzishika miaka ishirini na miwili. Mkuu wa Chuo amemwomba fundi wa mashine ya sinema aandike wasifu wake. Fundi huyo ni mimi, na nimekubali kwa shingo upande.

Katika stoo yake haikupotea hata chaki moja. Mwanafunzi aliyetaka penseli mpya ilimpasa aonyeshe kipande cha ile ya zamani. Sifa hiyo siwezi kumnyima.

Lakini watu hawamkumbuki kwa chaki. Mwaka 1949 Mkuu alitangaza kwamba mashine ya sinema itapelekwa chuo kingine ikiwa ukumbi hautajaa Jumamosi ile. Mashine ile niliipenda kupita kiasi. Nilikaa siku tatu nikiandika matangazo kwa wino wa rangi mbili: Ufugaji Bora wa Ng'ombe wa Maziwa. Wiki iliyotangulia, matangazo kama hayo yalileta watu kumi na mmoja, wanne wakiwa wapishi wetu.

Bwana Lemburis hakubandika hata karatasi moja. Alikwenda sokoni, akaketi kwa wauza ugoro, akaanza kulalamika. Alisema chuo kimeingiwa na wazimu: kinataka kuonyesha wanaume wazima, wenye ndevu, wakikamua ng'ombe, kazi ya wake zao, tena wakicheka. Akawasihi wazee wasije kabisa.

Wazee wa Kiarusha walikuja wamekasirika, wakitaka sinema ipigwe marufuku. Mkuu akawaambia hawawezi kukataza wasichokiona, basi wakaketi mstari wa mbele. Kina mama nao wakaja, wakitaka waume zao waone vizuri. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, na waliokosa nafasi wakabaki nje wakigombana. Mama mmoja, Nashilu, aliomba kile kipande cha kukamua kirudiwe. Nilikirudia mara tatu.

Mashine ilibaki, na aliyepongezwa ni yule aliyelalamika. Tangu siku hiyo kutangaza sinema ni kazi yake, na anaitwa Bwana Sinema, yeye asiyejua hata kuwasha taa ya mashine. Mimi niliyeunguza vidole naitwa yule wa nyuma. Nilimwonea wivu, na bado namwonea. Kwa miaka saba nimeomba kazi yake ya kutangaza.

Mwezi huu nimepewa. Jumatano nilikwenda sokoni nikailalamikia filamu ya kahawa kwa nguvu zangu zote. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakanipa pole. Jumamosi walikuja kumi na wanne.

Bwana Lemburis, chuo kinakushukuru, nami pia, maana bila wewe mashine ingekwisha ondoka zamani. Tunakutakia maisha mema huko Nduruma, wewe na mkeo Nosim. Nduruma si mbali. Sinema huanza saa kumi.

Mikaeli Sumari