Chumba Nilichompa Kaka Yangu

Maram, funga huo mlango, na wewe Fawaz zima hiyo simu, njoo ukae hapa kitandani kwangu, kwa sababu ninachotaka kukuachieni leo si mali peke yake, ni maneno niliyoyaficha miaka minne, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kuyasema mara mbili. Msinikatize, wanangu. Mkitaka kunichukia, nichukieni nikishamaliza.

Mnajua kwamba ami yenu Soud, Mungu amrehemu, alilala katika sirdabu, kile chumba cha chini ya nyumba, tangu mwaka elfu mbili na kumi na nne mpaka alipofariki. Nilikwambieni alipataka mwenyewe, eti anapenda kimya. Nilisema uwongo. Mimi ndiye niliyemshusha.

Tulipokuja Dubai kutoka Unguja nilikuwa na miaka saba, yeye ishirini. Baba yetu hakuwa mfanyabiashara kama nilivyokuwa nikiwasimulia watu. Tulikuja mayatima, na Soud akabeba magunia ya iliki na pilipili manga pale soko la Al Ras mpaka magoti yakaharibika, ili mimi nikae skuli. Nilipopata kiwanja hiki cha Mirdif, naye yumo katika kujitayarisha kurudi Unguja kuoa, alinipa akiba yake yote, nayo ilitosha nusu ya nyumba hii. Akasema, "Jenga, Msellem. Siku nikizeeka utanipa pahala pa kulala." Hatukuandikiana. Hati ina jina langu peke yangu.

Akazeeka kweli, huko huko Unguja. Mkewe akafa, miguu ikamwisha, na bintiye Shifaa akawa kazini mchana kutwa, hana wa kumwachia babake. Nikamwambia mlete. Mwezi wa kwanza alilala chumba cha wageni. Kisha ikaja ile Ijumaa ya posa yako, Maram, Soud amekaa majlisi, sebule ya wageni, na furaha zake, akamshika mkono babamkwe wako akamwambia, "Mimi nilikuwa hamali Al Ras, na huyu bwana mkubwa nikimbeba mabegani kumpeleka skuli." Wageni walicheka kwa wema, wala posa haikuvunjika. Lakini mimi uso uliniwaka moto, na kesho yake asubuhi nikamwita fundi.

Fundi alikuwa Luay, Mshami wa Syria mwenye karakana Al Quoz. Aliteremka, akagonga kuta, akaniambia, "Arbab, tajiri wangu, hili ni ghala. Ukitaka binadamu alale humu, lazima tuchimbe nje tuweke dirisha, tuzibe kuta zisipitishe maji, tuweke pampu na mlango wa pili wa kutokea. Dirham laki na ishirini elfu." Nikamuuliza, na bila ya hayo? Akanitazama. "Rangi, vigae, choo na kiyoyozi, arubaini elfu. Lakini mimi mwenyewe singelala humo." Nikamwambia, "Khalas, fanya hiyo ya arubaini." Na pesa nilikuwa nazo, wanangu. Mwezi ule ule nilibadilisha marumaru ya majlisi kwa pesa nyingi kuliko alizotaka Luay za dirisha.

Soud alishuka ngazi zile kwa makalio, moja moja, huku anacheka ili nisijisikie vibaya. Aliniomba kitu kimoja tu. "Mdogo wangu, nitobolee japo kidirisha, nijue kumekucha." Nikamjibu inshallah, mwezi ujao. Jibu hilo nilimpa miaka miwili.

Na lipo baya kuliko hilo. Shifaa alipopata ruhusa kazini aje kumwona babake, ninyi mlikuwa Umra, hamkuona nilichokifanya. Siku moja kabla ya ndege yake nilimpandisha Soud chumba cha wageni, nikamtandikia mashuka mapya, na Shifaa alipoingia nikamwambia hapa ndipo anapolala baba yako. Akanibusu mkono. Siku saba Soud alikaa na bintiye asiseme neno. Shifaa alipoondoka, nilirudi kutoka uwanja wa ndege njia nzima nikitafuta maneno ya kumwambia kaka yangu ashuke, nikakuta chumba kitupu. Mashuka ameyakunja, mto ameuchukua, ameshateremka mwenyewe. Nikasimama juu ya ngazi nikamsikia anavyopumua kwa tabu kule chini. Sikuteremka.

Nipe maji, Maram. Kidogo tu. Basi.

Mvua ile kubwa ya mwezi wa Machi ilipopiga, maji yalipita ukutani. Tuliyakausha, na penye ukungu nikapaka rangi juu yake. Kifua kikambana Soud, nikampeleka hospitali. Daktari akaniuliza, "Mzee analala wapi? Pana unyevu?" Soud alikuwa pale pale, ananitazama. Nikajibu, "Analala juu, daktari. Chumba kina jua." Soud akageuza uso. Shaaban ya mwaka huo huo tukamzika. Sijui kama ni unyevu uliomuua. Najua kwamba aliyetaka kujua nilimdanganya.

Sasa shikeni haya. Nusu ya nyumba si yangu, kwa hiyo si urithi wenu. Ni ya Soud. Sheria itakwambieni mimi nami nilikuwa na fungu katika alichoacha ndugu yangu. Fungu hilo nimemwachia Shifaa lote, nimetia saini mbele ya mashahidi, karatasi iko katika droo hiyo. Mpeni haki yake kabla hamjagawana hata kijiko. Fawaz, najua unataka kupangisha kule chini. Usithubutu. Toeni kitanda, ng'oeni vigae, pawe ghala kama palivyokuwa, asilale tena mtu.

Ndege ya Shifaa inatua kesho asubuhi. Ikinikuta... nitamwambia mwenyewe. Isiponikuta, atanililia, atanisomea, kwa sababu ananidhani mwema. Msimwache hivyo. Mtamteremsha chini kwanza, mumwonyeshe ukuta, mumweleze maneno yote haya, na lile la mashuka msiliruke. Ndipo mniombee radhi kwake. Akikataa, msimsihi, wala msimnunie. Mpikieni, mpeni chumba kizuri, akae anavyotaka.

Mimi nimekuridhieni, wote wawili. Mungu akuepusheni na kumwonea haya mtu aliyekubebeni. Mungu akupeni watoto... watakaokutunzeni kuliko nilivyomtunza ndugu yangu.

Fawaz, mkono wako. Usimwambie Shifaa anisamehe kabla hajajua. Wengi watakwambia... msitiri baba yako. Usinisitiri. Mwelezeni kwanza. Kwanza... mwelezeni.