Uso wa Kinyozi Ukutani

Asubuhi ile benchi la kibanda cha kahawa cha Lassané lilijaa kabla jua halijavuka paa la kinu cha unga. Siku nyingine watu wa Gounghin, mtaa wa Ouagadougou, hunywa kahawa yao ya maziwa ya kopo, wakamalizia mkate na mayai, kila mtu akaenda zake. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na haraka. Alfajiri watu wa filamu walikuwa wamepita mtaani na ndoo ya gundi, na ukuta wa kinu, unaotazamana na kibanda, ulikuwa umevishwa bango refu kuliko mtu. Juu ya bango kulikuwa na herufi nyekundu zinazochuruzika: SIKU YA SABA. Chini kabisa, mdogo kama kidole, alisimama mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Na katikati, akiwa amemulikwa kutoka chini mpaka macho yametumbukia gizani, mkononi wembe uliokuzwa ukawa kama panga, alikuwa Noufou Kabré, kinyozi wa watoto wachanga. Noufou mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, mkoba wa kazi mapajani, akijitazama. Alikuja kumnyoa mjukuu wa mzee Tapsoba, ambaye nyumba yake imepakana na kinu. Mikeka ya akika, sherehe ya siku ya saba ya mtoto, ilikuwa imekwisha kutandikwa uani. Alichongoja ni kuitwa tu.

– Mtumwa wangu, kumbe unaua watu na hujatuambia, alisema Toé.

Toé alikuwa fundi mwashi, Msamo, na Noufou ni Mmossi. Makabila hayo ni watani, na kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake bila mtu kukasirika. Siku nyingine Noufou angemjibu kwamba Wasamo wamekula mbwa wote wa mtaa. Leo alinywa kahawa tu.

– Sijaua mtu. Waliniomba asubuhi moja. Nikamnyoa mtoto, wakanipa wali na kuku, nikarudi nyumbani.

– Filamu yenyewe ni ya nini? aliuliza Lassané kutoka nyuma ya mabirika yake.

– Nilidhani ya kuchekesha. Yule binti mwenye kuiongoza alikuwa anacheka muda wote.

– Hao ndio wa kuogopa, alisema mzee aliyeketi katikati.

Huyo walimwita Tiketi. Alikata tiketi mlangoni mwa sinema mpaka sinema ilipofungwa, na tangu hapo hakuna filamu iliyoingia Ouagadougou bila yeye kuitolea hukumu.

– Wanaotengeneza filamu za kutisha hucheka kuliko wote, aliendelea. Wanajua kinachokuja. Wewe Noufou usiniulize mimi maneno ya binti, niulize bango. Watu hawasomi jina, wanasoma rangi. Njano ni vichekesho. Buluu ni majini, au askari wapelelezi. Ukiona mwanamume na mwanamke wamepeana mgongo, mikono wameikunja kifuani, hiyo ni ndoa, watagombana watapatana. Herufi zikichuruzika nyekundu, hapo ni damu. Mimi mlangoni nilikuwa nikitazama bango tu, najua leo watakuja kina mama au watakuja vijana wavuta sigara.

– Labda nyekundu ni ya mapenzi, alisema Noufou.

– Ya mapenzi haichuruziki, bwana. Ya mapenzi inatulia.

Wanawake wawili wenye mabakuli ya unga wa mtama walipita chini ya bango kuelekea kwa Tapsoba. Mmoja aliinua macho, akasimama. Akamgusa mwenzake bega. Wote wawili wakageuka, wakatazama benchi, wakamwona Noufou. Yule wa pili akavuta kitambaa chake kichwani na wakaingia ndani kwa mwendo ambao haukuwa ule waliokuja nao.

Noufou aliwafuata kwa macho mpaka mlangoni. Kwa desturi, saa hizo angekuwa keshaitwa, keshaletewa maji ya uvuguvugu, bibi wa mtoto keshamsimulia habari za uchungu na kujifungua.

– Na mpangilio wa bango je? aliuliza Tiketi, ambaye hakuwa amemaliza. Aliyewekwa juu ndiye anayeua. Aliyewekwa chini ndiye anayekufa. Wa pembeni anachekesha kidogo, kisha naye anakufa. Hapa wa pembeni hayupo.

– Mzee Tiketi, mambo ya mabango yamepitwa, alisema Adjara.

Adjara aliuza salio la simu kwenye meza ndogo karibu na kibanda, na kiti chake hasa kilikuwa benchi hilohilo. Kila habari ya mtaa ilipitia kwenye simu yake kwanza, wakambandika jina la Mtandao.

– Siku hizi mtu anatazama kionjo, kile kipande kifupi cha filamu kwenye simu. Kimeingia jana jioni, nishatumiwa na watu wanane. Sogeeni.

Walisogea. Noufou hakusogea, lakini aliona. Kioo kilikuwa cheusi. Ukasikika mlio wa wembe unaponolewa kwenye mkanda wa ngozi, taratibu, kwenda na kurudi. Tone la maji. Sauti ya mwanamke ikasema: "Usimguse." Kukawa kimya. Halafu mtoto akalia kilio kimoja kirefu, kikakatwa katikati, na jina likatokea jekundu.

Lassané akapuliza makaa ya jiko bila sababu, akayapuliza tena.

– Yule mtoto hakulia, alisema Noufou.

– Tumemsikia, baba mdogo, Adjara alimjibu kwa upole.

– Hakulia. Alikuwa amelala. Nilimnyoa kichwa chote amelala, mama yake mwenyewe akasema hajaona jambo kama hilo. Hicho kilio wamekitoa kwingine.

– Kwingine wapi?

Noufou hakujua. Akajaribu kuikumbuka asubuhi ile: taa zilivyounguza shingo, binti wa filamu akimwambia asitabasamu, atazame kazi yake tu. Na yeye alitazama kazi yake. Alitazama utosi, pale juu panapopanda na kushuka kama pumzi, ambapo wembe haukanyagi hata siku moja. Mtoto alilala. Alikuwa na hakika. Lakini Adjara alikirudia kionjo, na kilio kikaja tena palepale, na safari hii Noufou akahisi kwamba labda kulikuwa na kitu, mwishoni, alipokuwa akikunja taulo.

– Mimi ninavyokiona, alisema Adjara, hakuna wimbo. Ingekuwa ya mapenzi pangekuwa na wimbo. Na kilio kimekuja baada ya giza. Kilio kikija baada ya giza, mtoto si yule tena. Amebadilishwa. Hii ni ya majini. Kinyozi ananyoa nywele, nywele zinapelekwa kwa jini, jini anarudisha mtoto mwingine.

– Rangi ingekuwa buluu, alisema Tiketi.

– Majini wa zamani ndio wa buluu, mzee.

– Ninyi hamuelewi kitu, Toé aliingilia. Hii ni ya siasa. Kinyozi ni jasusi. Anachora ramani kwenye vichwa vya watoto, nywele zinaota, ramani inafichika, mtoto anavushwa mpakani akiwa mgongoni kwa mama yake. Huyo mama wa chini unaona anakwenda wapi? Mpakani. Huko ananyolewa tena, ramani hiyo hapo.

– Nani atangoja nywele za mtoto ziote ndipo apate ramani? aliuliza Adjara.

– Majasusi wana subira.

Siku nyingine wangecheka. Lassané alifuta bilauri ileile mara tatu, kisha akasema bila kumtazama Noufou:

– Tatizo si filamu ni ya nini. Tatizo ni watu. Kuna jamaa mmoja wa Koudougou aliigiza mwizi wa pikipiki. Aliigiza tu. Filamu ikaonyeshwa Jumamosi, Jumatatu akaenda sokoni kununua nyama, wakampiga. Anawaambia niliigiza, wanamwambia tumekuona.

– Lassané, acha hizo, alisema Adjara.

– Nasema lililotokea. Na mke wangu leo amepita hapa na mtoto wetu mdogo, amemfunika uso. Mtoto wa miezi minne. Nimemuuliza anaona nini mtoto wa miezi minne. Akasema hajui, mkono umekwenda wenyewe.

Noufou alimjua mtoto huyo. Yeye ndiye aliyemnyoa. Alitaka kumkumbusha Lassané jambo hilo, lakini Lassané alilijua pia, na ndiyo maana alikuwa anafuta bilauri.

Imamu akafika kwa pikipiki, akaiegesha chini ya bango. Alivua miwani, akalisoma lote kuanzia juu hadi chini, akaingia ndani. Sasa wote walikuwa wamekamilika uani. Asiyekuwamo ni kinyozi.

– Hii haiwezekani, alisema Toé, akainuka.

Aliinama kwenye jiko la Lassané, akachukua kipande cha mkaa kilichopoa, akavuka barabara. Wakadhani anakwenda kulichana bango. Akalijaribu kwanza, kucha zikateleza; gundi ilikuwa imeshika kama saruji, na fundi mwashi alijua saruji ni nini. Ndipo alipoinua mkaa, akamchorea Noufou wa ukutani tabasamu, pana, kutoka shavu hadi shavu. Akarudi akipangusa mikono.

– Haya. Sasa ni vichekesho.

Walitazama. Macho yalikuwa yaleyale gizani, wembe uleule, na chini yake sasa kulikuwa na mdomo mweusi uliopasuka mpaka masikioni. Adjara alijishika kifua.

– Umemaliza kabisa, alisema Tiketi kwa sauti ya chini. Muuaji asiyecheka huenda ana sababu zake. Anayecheka hana.

– Nikafute?

– Mkaa haufutiki, utapaka tu.

Toé alikaa. Noufou, badala ya kumkasirikia, alimsogezea bilauri yake ya kahawa iliyobaki nusu.

Mlango wa Tapsoba ukafunguka. Akatoka Hamado, baba wa mtoto, kijana aliyevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya kiwandani. Alivuka barabara huku akitazama chini, ili asitazame ukuta. Akawasalimu wote, mmoja mmoja, polepole kuliko ilivyohitajika. Akamfikia Noufou, akachutama mbele yake kama kijana anavyomsalimu mkubwa.

– Mzee Noufou, umeamkaje?

– Salama. Mama mtoto hajambo?

– Hajambo, alisema Hamado akikuna shingo. Anauliza kitu kimoja tu. Amekiona kile kionjo, wifi yake kamwonyesha. Anauliza, kwenye hiyo filamu, mtoto anapona?

Adjara aliitazama simu yake kana kwamba jibu lingeingia muda wowote. Toé alizungusha bilauri. Walikuwa wamezungumza tangu jua kuchomoza, na hakuna hata mmoja aliyejua.

– Sijui, mwanangu, alisema Noufou. Sikuambiwa.

– Hata wewe?

– Nilikuwako asubuhi moja tu.

Hamado alitikisa kichwa taratibu. Hakuinuka, na hakusema twende. Noufou akashusha macho kwenye mkoba wake, akaona kidole gumba chake kinatetemeka juu ya kifungo. Alidhani ni mkoba unaotikisika, akauweka chini. Kidole kikaendelea. Alishanyoa akiwa na homa. Alishanyoa siku ya tatu baada ya kumzika mkewe, na mkono haukumwangusha. Akawaza uani kule: macho yote kwenye mkono wake, mama amekaza vidole, imamu, wale wanawake wawili. Akawaza utosi.

– Nenda kamwite Sibiri, alisema. Anayenyoa karibu na reli. Mwambie nimemtuma mimi.

– Mzee, sisi hatujasema kwamba...

– Najua hamjasema. Nenda, imamu anangoja.

Mabega ya Hamado yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Noufou aliyaona, na hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko bango. Kijana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akakimbilia pikipiki yake.

Sibiri alikuja. Alipita na beseni lake, akamwinamia Noufou kwa aibu, akaingia. Toé akavua kofia.

– Ninyoe mimi basi, mtumwa wangu. Hapa hapa barabarani, watu waone.

– Kichwa chako ni tofali, Toé. Hata nikikukata, nani atajua?

Toé akavaa kofia yake. Lassané aliinamisha birika kubwa juu ya bilauri ya Adjara, likatoa matone mawili, akalirudisha. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Sauti za dua zikaja kutoka uani, zikapanda, zikatulia. Jina lilitajwa, hawakulisikia vizuri.

Baadaye shangazi wa mtoto alitoka na sinia ya vitumbua na tende. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wawili. Alimpa Tiketi, akampa Adjara, akampa Toé, akafika mwisho wa benchi na kunyoosha sinia bila kuinua uso. Noufou alichukua tende moja.

– Amekatwa popote?

– Hapana.

– Hata kidogo? Nyuma ya sikio la kushoto? Hapo Sibiri huharakisha.

Mwanamke akainua uso, akamtazama.

– Sikuangalia.

– Kaangalie.

Aliiacha sinia kwenye benchi, akavuka barabara, akaingia. Wote watano walikaa wakiutazama mlango. Noufou alikuwa ameishika tende mkononi bila kuila. Mwanamke akatokea tena, akasimama kizingitini, na kwa ng'ambo ile ya barabara akatikisa kichwa: hakuna, hata alama.

Noufou akala tende yake. Akachukua mkoba, akawaaga, akazunguka nyuma ya kibanda na kushika njia ya kwenda kwao ile ndefu, ambayo haipiti mbele ya kinu.