Historia ya Bwana Mkubwa, Mliyemwita Bwana Mdogo

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, na ninyi wa klabu mliosafiri tangu alfajiri, mimi ni dada wa marehemu, fundi cherehani wa kule karibu na stendi, wengi wenu sare za watoto wenu nimezishona mimi, na familia imenipa kazi ya kuisoma historia hii kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi sina haya. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata pale mtakapotamani niyameze maneno, kwa kuwa mama yetu, aliyekaa hapo mbele kwenye kiti cha plastiki, alisomewa yote jana jioni na akasema isomwe hivi hivi ilivyo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 1986, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi baiskeli, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali hiyo hiyo. Nawaona mnavyotazamana, maana kwenye ukuta wa stendi, chini ya picha yake kubwa, pameandikwa tarehe 2 Oktoba 1989, na kila mwaka siku hiyo mmekata keki. Tulieni, sijakosea kusoma. Baba alikuwa mtu wa utani, alimwita mwanawe Bwana Mkubwa tangu siku ya kwanza kwa kuwa alilia kama mtu anayedai haki yake, kisha Januari 1988 nikafuata mimi, ambaye sikupewa jina la utani lolote na sijasahau, na hiyo tarehe 2 Oktoba 1989 ndipo alipozaliwa kitinda mimba wetu, mtoto mwenye kichwa kikubwa na kicheko cha karibu, akaitwa Bwana Mdogo.

Tulizaliwa watatu. Mama ameniagiza nirudie ili hata waliokaa nyuma wasikie, tulizaliwa watatu.

Bwana Mdogo aliishi miaka saba na miezi minane, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kutambaa chini ya meza, kuzifunga pamoja kamba za viatu viwili vya mtu aliyekaa, halafu kumwita kwa haraka kama nyumba inaungua. Kaka yake alianguka hivyo mara nyingi kuliko sote, na nadhani baadaye alikuwa akijiangusha makusudi. Mtoto huyo alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 1997, saa kumi jioni, kwa homa ya uti wa mgongo iliyomchukua siku mbili tu, akazikwa kesho yake katika makaburi haya haya tuliposimama. Baba alimchongea kibao cha mbao ngumu, akaandika jina na tarehe mbili kwa chuma cha moto, herufi ya mwisho ikapinda. Cheti cha kifo hakikuchukuliwa, nani angekuwa na moyo wa kupanga foleni kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo, na uzembe huo mdogo ndio uliozaa mengine yote. Baba naye alitutoka Mei 2001.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1993 katika shule ya jirani na soko, akamaliza sekondari mwaka 2003, na sitawadanganya, hesabu zilimpiga chenga. Elimu yake ilikuwa kwenye uwanja wa nyuma ya mashine ya kusaga, ule wenye mteremko, ambako alijifunza kukimbiza mpira kupanda kilima, hata alipofika kwenye viwanja vilivyo sawa alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kuhusu kazi, naomba subira yenu. Agosti 2004 walikuja wasaka vipaji wa klabu kubwa, wakitaka vijana wasiozidi miaka kumi na sita, na Bwana Mkubwa alikuwa na kumi na minane na ndevu tatu za kuhesabu. Jumapili hiyo wakaja kwetu watu watatu, kocha, ambaye kwa kazi ni mchomelea vyuma, karani wa vizazi na vifo, na mwenye duka la dawa, wakakaa sebuleni, wakanywa chai, wakasifia chai, wakazunguka mbuyu mpaka mama akachoka akawauliza wamefuata nini. Kocha akavua kofia, akasema, "Mama, yule ameshaondoka. Mwache amsaidie mwenzake." Mama alimgeukia mwanawe, na sitaki mtu aseme tulimlazimisha, kwa sababu yeye mwenyewe, macho yakiwa sakafuni, alisema anataka kucheza mpira. Basi mama akaingia chumbani, akatoka na cheti cha kuzaliwa cha Bwana Mdogo, kilichokuwa kimekunjwa ndani ya soksi ya mtoto, cheti akakiweka mezani, soksi akabaki nayo mkononi.

Kuanzia siku hiyo Bwana Mkubwa akawa Bwana Mdogo. Ninyi ndio mliomfanya hivyo, na mlifanya kwa mapenzi, hilo nalikubali mbele ya Mungu. Ndani ya wiki mbili kinyozi, muuza nyanya, manesi, hata watoto wa mtaani walishajizoeza, mtu akiteleza akaita jina la zamani alikuwa akipigwa kiwiko. Mimi niliyezaliwa nyuma yake nikawa dada yake mkubwa kwa karatasi, akawa ananiamkia mbele za watu, nami naitikia, tukifika ndani tunacheka mpaka tunashika mbavu, kisha mmoja wetu anakumbuka cheti ni cha nani, na kicheko kinaisha.

Juma moja baadaye kocha alikuja hapa makaburini asubuhi na mchimba kaburi, wakaking'oa kile kibao, wakasawazisha udongo, ili mtu wa klabu akija kuchungulia asikute jina la mchezaji wake juu ya kaburi. Alituletea kibao nyumbani kikiwa kimefungwa kwenye gunia, mama akakiweka nyuma ya kabati la nguo, na karani akamshauri kwa upole asionekane tena upande huu na maua, watu watauliza. Mama hakuonekana tena. Miaka ishirini mwanamke huyu amepita barabara ya juu kwenda sokoni, akizunguka mbali, ili asipite hapa.

Marehemu alijiunga na timu ya vijana ya klabu tarehe 10 Januari 2005. Machi 2007 uvumi ulivuma, wakatumwa maofisa wawili na faili, wakauliza mji mzima, na mji mzima ukasema kwa kinywa kimoja, hakuna hata mlevi aliyeropoka. Mwisho walimkuta mama getini na beseni la nguo, wakamuuliza amezaa watoto wangapi. Mama akasema, "Wawili." Walipoondoka mlipiga ngoma mtaani, mkamshangilia, mkamwita mama wa mji, naye alifunga mlango, akaanika nguo zote ndani ya nyumba, zikakesha zinachuruzika sakafuni.

Alicheza mechi yake ya kwanza ya timu kubwa tarehe 14 Septemba 2008, na mkakodi mabasi manne, la mbele akapandishwa mama. Uwanja mzima ulipoanza kuita Bwana Mdogo, Bwana Mdogo, mama alisimama ghafla, akageuka nyuma, akaangalia kwenye ngazi, kulia na kushoto, kama mzazi aliyesikia mwanawe anaitwa, halafu akakaa akajifunika uso kwa mtandio. Mpigapicha aliipata picha ile, kinyozi akaitundika dukani kwake, na chini yake akaandika kwamba hayo ni machozi ya furaha. Ipo mpaka leo. Namwomba kinyozi, kwa heshima zote, aitoe.

Kwa miaka minane alicheza mechi 164 akafunga mabao 51, na ninyi mlikuwa naye katika kila moja, mlisimika nguzo mkaweka televisheni kubwa stendi, mlipiga simu redioni kumtetea hadi watangazaji wakajua sauti zenu. Waandishi waliandika sana juu ya mazoea yake ya kuzifunga pamoja kamba za viatu vyake kabla ya mechi, kukaa hivyo kidogo, kisha kuzifungua, wakasema ni hirizi, na watoto wa mji huu wakamwiga. Sasa mnajua haikuwa hirizi. Mwili wake ulianza kuchoka akiwa na miaka ishirini na tisa, karatasi ikisema ishirini na sita kasoro, na mashabiki wa kwingine wakamzomea kwamba kijana mdogo anakimbia kizee. Asingeweza kuwaambia kwa nini. Akawa anameza vidonge vya maumivu, asubuhi viwili, kabla ya mechi vinne, na mwenye duka la dawa alimtumia pakiti kwa basi kila mwezi bila kukosa, kwa mapenzi pia. Klabu ilimwacha Juni 2016.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 2013 na mwalimu wa chekechea, mtu wa mbali asiyejua lolote, na Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike mwaka 2015 na wa kiume mwaka 2017. Alipozaliwa huyu wa kiume, marehemu alimpa jina lake mwenyewe, lile aliloliacha sebuleni mwaka 2004, na nyumbani akamwita Bwana Mkubwa. Mliona ni mzaha, mkacheka. Mimi nilikuwepo wodini siku hiyo, nilimwona akimwita mtoto jina lile mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayejaribu koti lake la zamani.

Kuugua kwake kulianza mwishoni mwa mwaka 2021 kwa kuvimba miguu, na Februari 2023 figo zikawa zimechakaa zote mbili, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mnamo Julai mwaka huu daktari mpya alikuwa akijaza fomu kitandani, akasoma kwa sauti miaka thelathini na minne, na marehemu akamshika mkono wenye kalamu, akasema, "Andika thelathini na nane." Mkewe alifikiri homa imempanda kichwani, akamwita nesi. Ilibidi mimi ndiye nimweleze, pale kwenye benchi la korido, kwamba jina lililo kwenye cheti chake cha ndoa ni la mtoto wa miaka saba, na tangu siku hiyo shemeji yangu huyu hajanitazama usoni, na simlaumu. Marehemu aliniomba jambo moja tu, kwamba asizikwe na tarehe ya mtoto, akasema ameivaa vya kutosha, sasa mwenyewe arudishiwe. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika miguu.

Ijumaa mchana wakaja tena sebuleni, kocha na mwenye duka la dawa, karani yeye alishatangulia mbele za haki, wakakaa viti vile vile. Waliomba tuisome tarehe ya ukutani, kwa ajili ya heshima ya marehemu, kwa ajili ya mji, kwa ajili ya vijana wetu walioko huko kwenye vilabu na vyeti vyao. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akasukuma kabati peke yake, mwanamke wa miaka sitini na minane, akarudi na kibao, akakiweka mezani kati ya vikombe. Akamwambia kocha kesho ampeleke alipokitoa.

Jana asubuhi kocha alimleta. Alimtembeza mstari hadi mstari, akasema ni hapa karibu na mwarobaini, akasema hapana, mwarobaini haukuwepo, akahesabu hatua kutoka ukutani, lakini ukuta ulijengwa upya mwaka 2015, na mchimba kaburi alishakufa, na juu ya ardhi ile wamezikwa wengine, wa jana na wa juzi, kila mmoja na kibao chake. Walizunguka saa tatu nzima, mama amekikumbatia kibao kifuani. Mwisho kocha, mzee sasa, akakaa chini kwenye vumbi, akasema, "Mama, sipaoni." Ndiyo maana leo mmekuta vibao viwili kwenye kaburi moja, si kwamba tumekosea kuhesabu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo kwa miezi kumi na minane ya uvumilivu, hasa yule daktari mpya aliyefuta namba akaandika upya bila kuuliza. Tunaushukuru uongozi wa klabu na wachezaji wenzake, na mkitaka kuyafuta mabao yake kwenye vitabu vyenu, yafuteni, miguu iliyoyafunga ni hii tunayoizika. Tunawashukuru majirani, na tunawashukuru ninyi watu wa mji huu, ambao hamkuwahi kumwacha kaka yangu peke yake hata siku moja, mlimpenda mpaka tukakosa mahali pa kulilia.

Ombi la mwisho ni la mama. Ninyi mnakumbuka kila bao lake, la dakika ya ngapi, kwa mguu upi, kipa alijirusha upande gani. Kama kuna mtu hapa, awe mzee au kijana, aliyekuja kwenye mazishi ya mtoto mmoja Ijumaa ile ya Juni 1997, na anakumbuka walimlaza wapi, aje amwambie mama. Atakuwa amekaa hapo hapo kwenye kiti cha plastiki mpaka jioni. Hatutakuuliza lingine.

Pumzika kwa amani, Bwana Mkubwa, kwa jina lako na tarehe yako. Na wewe Bwana Mdogo, popote ulipo chini ya miguu yetu, utusamehe, nawe pumzika.