Coralie Pascoe (1948–2024), Mpimaji Aliyeikataa Mizani

Marehemu Coralie Pascoe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 hapa Merrin, mashariki mwa jimbo la Victoria, mtoto wa tatu wa Alf na Edna Wearne. Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa, kisha sekondari hadi mwaka 1964. Walimu walimwandika kuwa ni mbishi. Hawakukosea.

Mwaka 1970 aliolewa na Lindsay Pascoe, wakafungua duka la ndoana na chambo karibu na gati. Klabu ya wavuvi wa starehe ikamchagua kuwa mpimaji mkuu wa mashindano ya Pasaka, ambapo mshindi alikuwa yule aliyetundika kwenye mizani samaki mzito kuliko wote. Wakati huo Merrin nzima iliamini kwamba kichwa-bapa, samaki wetu wa ghuba hii, akiwa mkubwa ni dume zee linalokula bure, na kumtoa ni kuwapisha vijana. Tuliwaita "babu".

Pasaka ya 1996 babu la Lindsay lilitwaa kikombe. Coralie akalipasua kwenye sinki la jikoni.

"Lindsay, njoo umwone babu yako," aliita. "Ana mimba!"

Tumbo lilikuwa limejaa mayai. Lindsay alicheka, mkewe hakucheka. Aliwakumbuka wote aliowatundika kwa mikono yake mwenyewe, na jinsi samaki walivyokuwa wakipungua ghubani, ikamuuma sana.

Mwaka uliofuata alifika gatini bila mizani. Alileta turubai lililoloweshwa, lenye alama za futi: samaki apimwe urefu akiwa hai, arudishwe majini. Wa kula wawe wa kimo cha kati; wadogo na wakubwa waachwe. Shemeji yake Murray, mwenyekiti wa klabu, alimaka.

"Fundi cherehani kaja na futi yake! Shemeji, we pima samaki, usituletee siasa."

"Ukitaka nyama kwa kilo, Murray, nenda buchani."

Klabu ilimvua cheo, wateja wakasusa, duka likadoda hadi Lindsay akaenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha mbao. Coralie hakulegeza. Kila Pasaka alitandika turubai lake kando ya mizani yao. Walioanza kumjia walikuwa watoto, kisha mama zao, kisha baba zao wakiona haya. Mwaka 2005 klabu iliitupa mizani stoo na kumrudishia cheo chake. Samaki walirudi, na hakuna aliyeketi hapa leo anayeweza kubisha.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Machi hii Murray alikwenda kumwona hospitalini, na kwa kuwa hajui kuficha jambo, akamwambia, "Shemeji, wapo wanaotaka mizani irudi. Wanangoja uondoke tu."

"Waambie nitachelewa."

Na kweli alichelewa. Mashindano yalikwisha Jumatatu ya Pasaka, kwa futi. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024, baada ya binti yake kumsimulia jinsi samaki mkubwa kuliko wote alivyopiga mkia akaenda zake.

Ameacha mume, Lindsay, watoto wawili, Jacinta na Denzil, wajukuu watano, na shemeji Murray, ambaye ubishi wake naye haukupata kwisha. Ninyi mnaoingoja mizani, tunawaona mlivyoketi huko nyuma. Nafasi ya mpimaji mkuu haiko wazi: Jacinta ameishika, hatukupiga kura, na hatuombi radhi.

Coralie apumzike kwa amani. Sisi hatupumziki.