Bwana Alinifundisha Kula Nikiwa Nimeketi

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Nimemwomba pasta dakika kumi, na tayari naona hazitatosha. Moyo wangu unaruka!

Mnanijua. Mimi ni Mama Furaha, yule anayepika chakula cha kuuza karibu na soko, hapa Bunia. Wengi wenu mmekula maharagi yangu na bugali ya muhogo. Na walionijua kabla ya vita wanajua nilivyokuwa. Nilikuwa mnene! Sisemi mnene kidogo. Hapa kanisani kiti cha plastiki kilikuwa kinalia nikikaa, mpaka nikapewa kiti cha mbao cha wazee.

Wala sikuona haya. Watu walikuwa wananisifu njiani: "Mama Furaha iko na afya! Papa Furaha anamuchunga muzuri!" Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na alitembea kando yangu kifua mbele, maana kwetu mke mnene ni sifa ya nyumba. Lakini mimi nilijua yaliyo ndani. Magoti yaliwaka moto kila asubuhi. Nikipanda kile kilima kidogo cha kutoka sokoni nilisimama mara tatu, nikijifanya nasalimia watu. Tansio, hiyo presha ya damu, ilikuwa juu.

Kisha vita vikaja. Ndugu zangu, wengine walikonda kwa vita. Mimi nilinenepa! Kila nikisikia risasi, mkono ulikwenda kwenye sufuria. Woga wangu ulikuwa unaishi tumboni.

Siku moja, mchana, mapigano yaliingia mtaa wetu. Papa Furaha alikuwa shuleni, upande mwingine wa mji. Binti yangu Furaha, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita, alinishika mkono, tukatoka mbio pamoja na majirani kuelekea uwanja wa ndege, kwenye kambi ya askari wa kulinda amani. Mbio gani? Nilipita labda nyumba tano. Pumzi ikakatika, goti la kulia likakataa, nikaangukia kwenye mtaro. Majirani wakatupita. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na mtoto wake wa kuvuta.

Nikamwambia Furaha, "Kimbia weye. Uniache hapa."

"Siendi, mama."

"Nimesema kimbia!" Nikamsukuma kwa mikono miwili.

Akashuka mtaroni, akakaa kando yangu, akanifunika kwa kitenge chake, kana kwamba kitenge kinazuia risasi. "Kama ni kufa," akasema, "tutakufa siye wawili."

Ndugu zangu, pale ndani ya mtaro sikujiombea mimi. Nilimwombea mtoto aliyekuwa anataka kufa kwa sababu mama yake hawezi kukimbia. Na Bwana akasikia! Milio ikasogea mbali, tukatoka tukiwa matope matupu, tukiwa hai, na jioni Papa Furaha akarudi nyumbani mzima.

Tangu siku ile nikaapa kupunguza uzito. Na hapo ndipo taabu nyingine ilipoanza.

Kwanza nilifunga. Nilikuja mbele yenu nikasema nafunga kwa ajili ya amani ya Ituri. Leo natubu hadharani: nilikuwa nafunga kwa ajili ya kiuno! Siku ya nne nilizirai mbele ya wateja, nusura niingie motoni. Na nilipofungua, nikala kwa siku mbili kila nilichokuwa nimelinyima tumbo. Kisha jirani akanishauri nile nanasi tupu, asubuhi nanasi, jioni nanasi. Ulimi ukachubuka, nikawa namkasirikia kila mtu nyumbani, hata paka. Kisha nikanunua unga wa majani kwa mchuuzi mmoja aliyesema ametoka Iga Barrière. Aliapa kwamba unayeyusha mafuta. Ndugu zangu, hauyeyushi mafuta, unakuweka chooni! Nililala wiki nzima. Nilipoinuka na kuanza kula, uzito ukarudi, ukaja na ndugu zake.

Nikakata tamaa. Nikamwambia Mungu, umeniumba hivi, basi, nitakufa hivi.

Wakati huo kambi ya karibu na uwanja wa ndege ilikuwa imejaa watu wa Djugu waliokimbia mashamba yao. Palikuwa na hema la wagonjwa, nikaenda kupimwa tansio. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Mama Neema, ambaye naye alikuwa amekimbia kutoka Bule akiwa na nguo moja tu. Akanipima, akatazama, akanipima tena.

"Mama, unakula nini?"

"Kidogo tu. Asubuhi sili kitu."

"Sikuulizi asubuhi. Toka unawasha moto mpaka unauzima, nini inapita mu kinywa?"

Nikaanza kumtajia. Naonja mchuzi. Naonja tena kama chumvi imetosha. Andazi likivunjika nalila, maana haliuziki. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tano. Mteja akiacha bugali kwenye sahani, naimaliza, maana ni vita, utatupaje chakula? Nilipofika hapo nikajishika kichwa. Sikuwa nimewahi kujisikia mwenyewe! Nilikuwa nakula kutwa nzima nikiwa nimesimama, bila kuketi hata mara moja, na jioni naingia nyumbani nasema sijala.

Mama Neema hakucheka. Akaonyesha kidole nje ya hema, mahali wamama walikuwa wamepanga mstari wa maji na watoto mgongoni. "Kama hutaki chakula ipotee," akasema, "hawa wako hapa. Tumbo yako si pipa."

Nililia palepale, ndugu zangu. Hakunitukana. Alinifungua macho!

Kisha, nilipomsimulia habari za mfungo, nanasi na ule unga, akaniambia, "Zile njia zote zilikuwa za siku chache. Chagua ile yenye unaweza kuishi nayo hata soko ikifungwa." Tukaichagua pamoja, mimi na yeye, tumekaa juu ya gunia. Nile mara tatu, nikiwa nimeketi, sahani moja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, lengalenga au sombe ya majani ya muhogo, na mawese kidogo. Bugali kiasi cha ngumi yangu. Maharagi, au samaki wa Tchomia wakipatikana. Chai isiyo na ule mlima wa sukari. Nionje kijiko kimoja tu, halafu Furaha ndiye aonje. Na chakula kitakachobaki safi ndani ya sufuria, nikibebe kwa miguu mpaka kambini. Mmekuwa mkiniuliza pembeni ni dawa gani nilikunywa. Dawa ndiyo hiyo! Sina nyingine.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kuishi kwetu baada ya siku ile ya mtaro, aliumia sana. "Unataka watu waseme mutoto yangu hakulishi?" alikuwa ananiuliza, huku ananiongezea bugali. Nguo zilipoanza kulegea, wengine walinong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Mteja mmoja wa siku nyingi akaacha kuja kabisa. Na mikono yangu! Kila sahani iliporudi na bugali, vidole vilitaka kwenda vyenyewe. Nilikuwa natamka jina la Yesu juu ya bugali, watu wakidhani nabariki chakula!

Nikikaribia kushindwa, Furaha alinisogezea kibao. "Mama, kaa kwanza." Nikikaa, mara nyingi nagundua sina njaa. Nina woga. Basi naomba palepale, moshi ukiniingia machoni, na Bwana anakuja. Kweli, alikuwa anakuja!

Miezi ikapita. Kitenge nikawa nakizungusha mara mbili. Kile kilima cha sokoni nikakipanda nikiimba! Mama Neema aliponipima tansio alipiga vigelegele, wagonjwa wakaamka.

Kisha mapigano yakarudi. Ilikuwa asubuhi, moto wangu haujashika vizuri. Papa Furaha akabeba godoro, Furaha akabeba unga na bidoni ya maji. Mama mkwe akabaki ameketi mlangoni, miguu imevimba. "Muende," akasema. "Mimi nimezeeka. Muniache."

Nikampa mgongo, nikapiga magoti. "Panda, mama."

"Weye? Weye ndiye utanibeba?"

"Panda!"

Nikamfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, nikakimbia. Ndugu zangu, mimi nilikimbia! Nilipumzika mara mbili, lakini sikuanguka. Tulipokaribia uwanja wa ndege nikamsikia anasema sikioni mwangu, "Mwanangu, sitakulazimisha tena bugali." Nikacheka! Risasi zinalia nyuma yetu, na mimi nacheka!

Tulifika wote wanne. Najua si kila nyumba iliyofika siku ile. Wako hapa ndani waliofiwa, na siwezi kushangilia juu ya makaburi ya watu wenu. Wala simaanishi kwamba waliokufa walikosa imani, au walikosa miguu. Hapana. Kwa nini sisi tulipita na wengine hawakupita, sijui, na nimeacha kudai jibu. Ninachojua ni kwamba Bwana alinitoa mahali nilipokuwa nimefungwa, na siwezi kukaa kimya!

Bado sijamaliza safari. Juzi kwenye arusi nilijikuta nimesimama kando ya sufuria ya wali, mdomo umejaa. Zamani ningejichukia wiki nzima, halafu ningekula kwa sababu ya kujichukia. Safari hii nikaenda kuketi, nikala sahani moja, nikacheza, nikarudi nyumbani kwa amani. Huo nao ni ukombozi!

Asante Bwana! Namshukuru kwa Furaha, namshukuru kwa Mama Neema, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na kitu na akanipa vyote hivi. Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza, pengine kifungo chako si chakula. Pengine ni pombe, pengine ni hasira uliyoibeba tangu nyumba yako ilipochomwa. Usiende kwa Mungu na hadithi nzuri kama mimi na ule mfungo wangu. Mwambie ukweli mzima, kuanzia unapowasha moto mpaka unapouzima. Hatakucheka. Mwamini!

Na wewe ambaye tangu jana hujatia kitu tumboni, ukanisikiliza nikisimulia habari za kupunguza chakula, nisamehe, na usiondoke. Ibada ikiisha uje kwangu hapo nyuma ya soko. Nimepika sufuria kubwa, na kuna nafasi ya kukaa. Mungu wetu ni mwema, haleluya!