Mifuniko Darini

Fundi rangi alipanda basi akiwa na kisirani, maana ngazi yake ya mbao ilikuwa haionekani wiki nzima. Akaketi kando ya mshonaji mmoja asiyejua kunyamaza.

"Sebuleni kwangu sasa kuna sanaa, mzee wangu. Mifuniko yote ya sufuria tumeitundika darini. Mume wangu akifungua mlango tu, yote inalia!"

"Na sufuria mnafunikia nini?"

"Sahani!" alijibu kwa maringo.

Fundi akaguna. Binti yake naye alikuwa kwenye mambo hayohayo ya sanaa, na watu wakimuuliza fundi, hujibu kwamba mtoto bado anatafuta kazi.

"Alikuja msanii, binti mpole," mshonaji aliendelea. "Tuligonga mfuniko mmoja mmoja, tukachagua sauti. Lakini kazi tumeifanya sisi. Yeye alitushikia ngazi tu. Ngazi yenyewe ina matone ya rangi, utadhani imeugua tetekuwanga!"

Fundi akageuka mzima mzima. "Alishika tu?"

"Alishika tu. Sanaa ni yetu."

Basi likasimama, mshonaji akainuka. Fundi naye akainuka, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.

"Twende nikaione," alisema, sauti ikafika hadi kwa dereva. "Ngazi ni yangu. Na aliyeishika ni mwanangu."