Kibuyu cha Rika la Parit

Mnageuza nyuso mnapompita Parit mlangoni pa kanisa, aliyenyimwa meza ya Bwana kwa kuwa na wake wawili. Juzi, kwenye lori la Handeni, Loserian, mtu wa rika lake, alikuwa akimkumbuka. "Zamani za Mdachi, mwalimu, tukichunga, hakuna aliyekunywa maziwa peke yake. Parit asipokuwepo, kibuyu hakifunguliwi, hata njaa iume vipi."

"Kikombe cha Bwana si kibuyu, mzee, ni cha neema," alijibu Bernardo, mwalimu wa dini. "Amfukuze mke mmoja kwanza."

"Kwani neema si bure?"

"Ni bure, ila ina utaratibu." Utaratibu, ndugu zangu, kama foleni ya posho kwenye shamba la mkonge!

"Basi Jumapili nami sinywi kikombe hicho."

Lori likasimama Korogwe. Wewe unayekunywa leo, toka hapo mlangoni, umshike Parit mkono, umwingize.